Wilson Kipketer ni wawili

Mama Chebet: Hamjambo nyote. Chebet anapeleka bango shuleni kesho, la wanariadha wetu. Litazameni kabla hajamaliza kubandika. [Picha]

Shangazi Rael: Limependeza sana mwanangu 👏🏾 Mpaka ile bwawa ya maji umeichora!

Mjomba Elisha: Chebet, hapo chini umeandika "Wilson Kipketer, bingwa wa dunia 1997, mita 800 na mita 3000 kuruka viunzi na maji." Hao ni watu wawili, mama.

Chebet: Kweli mjomba? Zote mbili zilikuwa Athens, mwaka mmoja, dhahabu. Nikajua ni yeye.

Mjomba Elisha: Wa mita 800 ni Wilson Kipketer. Wa viunzi ni Wilson BOIT Kipketer. Wote walishinda Athens, ndiyo maana watu huwachanganya.

Babu: Rafiki zangu nisikilizeni. Tarehe 13 Agosti 1997, Jumatano, Zürich. Nilikuwa na redio sikioni. Boit alimaliza kwa dakika 7 sekunde 59.08. Rekodi ya dunia. Ya awali, ya Moses Kiptanui, ilikuwa 7:59.18. Hesabu tofauti yake.

Chebet: Sehemu moja ya kumi ya sekunde 😳

Babu: Hiyo. Na jioni hiyo hiyo, uwanja huo huo, yule Wilson mwingine akakimbia mita 800 kwa 1:41.24. Rekodi ya dunia pia. Nilitoka nje nikamwita jirani.

Shangazi Rael: Majina mawili, rekodi mbili, jioni moja. Sasa mbona mimi namjua mmoja tu?

Mjomba Elisha: Kwa sababu ya mbio za Cologne, Ujerumani, siku 11 baadaye. Kipketer akaishusha yake hadi 1:41.11, ikakaa miaka 13 mpaka Mkenya David Rudisha alipoivunja 2010. Boit, siku hiyo hiyo, Mkenya mwingine, Bernard Barmasai, akamnyang'anya yake kwa 7:55.72. Aliishika siku 11 tu. Hilo huniuma, maana hata Olimpiki ya Sydney 2000 wote wawili walipata medali ya fedha, lakini ukimtaja Boit mtu anakuuliza, "Yule wa Denmark?"

Mama Chebet: Wa Denmark ni yupi kati yao?

Mjomba Elisha: Wa 800. Alienda kusoma huko 1990 akabaki. Olimpiki ya Atlanta 1996 ilimpita kwa sababu uraia wake wa Denmark haukuwa tayari, na wakati huo hakuna aliyemweza.

Mama Chebet: Basi abaki kwenye bango?

Babu: Abaki. Amezaliwa hapa, amesomea Iten. Andika aliiwakilisha Denmark, usifiche.

Shangazi Rael: Na Kipketer si jina la ukoo mmoja. Kwetu Wakalenjin jina hutokana na mtoto alivyozaliwa. Kiprop amezaliwa mvua ikinyesha, Kipkemboi usiku. Majina hayo yako kila boma.

Chebet: Hata Chebet tuko watatu darasani. Mwalimu hutuita na majina ya baba zetu.

Babu: Umeona. Na Boit mwandike vivyo hivyo, jina lote.

Mama Chebet: Amechukua makasi tayari. Ile picha moja ameikata.

Chebet: [Picha] Nimewatenganisha. Kipketer yuko kushoto na 1:41.24. Wilson Boit Kipketer yuko kulia, juu ya maji, 7:59.08. Nimeandika tarehe katikati yao.

Babu: Boit ana herufi nne. Nimezihesabu. Sawa.