Uwanja wa mtaa umezungushiwa mabati na hakuna aliyeulizwa. Hivi kwanini Dar hatuna bodi ya ushauri ya viwanja vya wazi?

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila nimechoka kukaa nalo hili moyoni na naona kila mtaa kuna mtu ana hadithi kama hii. Jina la mtaa na manispaa sitataja, nia yangu sio kugombana na mtu mmoja, nataka tujadili mfumo.

Eneo letu la wazi, lile ambalo kwenye mchoro wa mipango miji limeandikwa kabisa michezo na mapumziko, limezungushiwa mabati. Tumeamka tumekuta mafundi wanachimbia nguzo. Kuuliza, tunaambiwa kuna mwekezaji, atajenga fremu upande wa barabarani halafu nyuma atatuachia kauwanja ka nyasi bandia ka kukodi kwa saa. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anasema jambo limetoka juu manispaa. Tukamfuata diwani, anasema lilipita kwenye kamati kwa hiyo ni la kitaalamu. Manispaa nao wanasema mtaa ulishirikishwa na muhtasari upo. Huo muhtasari tumeuomba, hatujaonyeshwa mpaka leo naandika hapa. Yaani kila mtu anakuelekeza kwa mwenzake na wote wanaongea kwa upole kabisa, na mabati yanazidi kuongezeka!

Na naomba mtu asiniambie lile ni eneo tupu. Alfajiri pale kuna joging klabu, watu wazima wenye presha na sukari walioambiwa na daktari wafanye mazoezi na hawana hela ya jim. Mchana watoto wa shule ya msingi jirani wanaletwa pale kwa kipindi cha michezo maana shule yao imejengwa madarasa mpaka kwenye ukuta. Jioni timu za mchangani zinapishana, kona ya juu wasichana wanacheza netiboli, wadogo wana rede yao pembeni. Kukiwa na msiba wa nyumba iliyobanana na nyumba nyingine maturubai yanafungwa pale. Kuna akina mama wanauza vitumbua na uji asubuhi na wamesomesha watoto kwa hiyo kazi. Sasa katika hawa wote niambieni nani ameulizwa? Mchoro wa mwekezaji nimeuona kwenye simu ya mtu, kuna kiwanja kimoja cha watu watano watano na fremu, basi. Netiboli haipo, pa kukimbia hapapo, pa kukaa mzee hapapo, hata mti mmoja wa kivuli wa zamani haumo. Mchoraji hakujua kama hivyo vitu vipo pale, na angejuaje wakati hakuna meza yoyote ambayo sisi tunakaa?

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Nchi hii tayari tunajua kuunda vyombo vya wananchi. Afya kuna Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri na ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi, na kila kituo cha afya kinatakiwa kuwa na kamati yake ya usimamizi. Shule ya msingi ina kamati ya shule, sekondari ina bodi ya shule. Vijijini maji yana jumuiya za watumia maji, misitu ina kamati za maliasili za vijiji, wavuvi wana BMU zao mialoni, yaani vikundi vya kusimamia mialo na uvuvi. Njoo kwenye viwanja vya wazi, bustani na fukwe za jiji, jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3, hakuna kitu! Hakuna chombo ambacho kazi yake moja tu ni kuangalia hivi viwanja na kuishauri halmashauri kabla haijaamua.

Mtu atasema kuna Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ya madiwani. Ndiyo ipo. Lakini hiyo kamati ina vibali vya ujenzi, ina mitaro, ina takataka, ina migogoro ya viwanja na mipaka, halafu eneo la wazi linakuja kama mstari mmoja kwenye kabrasha nene, na madiwani wale wale wanapimwa kwa mapato ya ndani. Uwanja wa wazi kwenye vitabu vya mapato unasoma sifuri. Faida yake iko kwenye mwili wa mama aliyepunguza sukari na kijana ambaye jioni yuko mazoezini badala ya kijiweni, na hiyo hakuna mweka hazina anayeiandika. Sasa akija mtu na mkataba wa fremu kumi na kodi ya kila mwezi unategemea nini? Uwanja utaliwa tu, hata kama hakuna aliyekula rushwa, mfumo wenyewe unausukuma huko. Ndio maana anatakiwa awepo mtu mezani ambaye hapimwi kwa makusanyo.

Nina ndugu yangu yuko Austin, Texas, miaka mingi, ndiye aliyenifungua macho. Kule halmashauri yao ya jiji ina meya na wajumbe kumi, na kila mmoja anapendekeza mwananchi mmoja kwenye bodi ya bustani na michezo, kwa hiyo bodi ni watu 11, wakazi wa kawaida, kazi ya kujitolea. Hawana mamlaka ya kuamua. Wanashauri tu: ardhi gani inunuliwe kwa ajili ya bustani, ipi iendelezwe vipi, matunzo yakoje, nani aruhusiwe kutumia nini. Vikao viko wazi, ajenda inatolewa siku kadhaa kabla, mkazi yeyote anajiandikisha anasimama anaongea dakika zake na inaingia kwenye kumbukumbu. Juu ya hapo sheria ya jimbo inasema ardhi ya bustani ya umma haibadilishwi matumizi mpaka tangazo litoke gazetini, kikao cha kusikiliza watu kifanyike na halmashauri yenyewe itamke kwamba hakuna njia mbadala ya maana. Mwaka 2023 kulikuwa na mpango mkubwa wa kubadilisha Zilker, hiyo ndio bustani yao kuu, ekari zaidi ya 350, wataalamu walishachora kila kitu, wakazi wakaupinga kwa nguvu kwenye kila kikao mpaka mwezi wa nane halmashauri ikauweka pembeni. Wenye hela kule wapo kuliko hapa na wanazitaka hizo ardhi kuliko hapa. Tofauti ni kwamba mpango unaonekana ukiwa bado karatasi, sisi wetu tunauona ukiwa tayari bati.

Najua kuna watu watasema bodi ya ushauri haina meno, posho tu. Hebu fikiria ingekuwepo kwetu. Mwekezaji analeta andiko, linapelekwa kwanza kwa bodi. Bodi inauliza vitu vya kawaida kabisa: nani anatumia hapa sasa hivi na saa ngapi, mkataba ni wa miaka mingapi, bei ya kukodi itakuwa shilingi ngapi na mtoto wa shule atalipa na nini, maji ya mvua yatapita wapi ukishamwaga zege, shule itapeleka watoto wapi. Majibu yanaandikwa. Halafu bodi inatoa maoni yake kwa maandishi na baraza la madiwani likitaka kwenda kinyume linakwenda, ila linakwenda kinyume hadharani, na diwani akirudi kuomba kura karatasi ipo. Leo hii mimi nikitaka kujua diwani wangu alisema nini kuhusu uwanja wetu sina pa kuanzia. Hayo ndio meno ninayoyataka mimi.

Na isiwe bodi ya kupeana. Tukijaza makada na wenye fremu tutakuwa tumehalalisha wizi tu. Kiti kiwe cha joging klabu, kiti cha timu za mchangani, kiti cha walimu wa michezo, wanawake wasiwe mmoja wa kusindikiza maana wasichana ndio wa kwanza kuondolewa kiwanja kikipungua, awepo mtu mwenye ulemavu maana bustani nyingi hapa mjini huingii na kiti cha magurudumu bila kubebwa, na wafanyabiashara wadogo wa pale uwanjani wawe na mtu wao. Afisa mipango miji na afisa utamaduni na michezo wakae kama wataalamu wa kujibu maswali, wasipige kura. Anayefanya biashara na halmashauri kuhusu eneo lolote la wazi asikanyage.

Hili jambo ni la jiji zima. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea pale karibu na Makumbusho ya Taifa mwaka 1893 na hebu angalieni imebaki kipande gani. Jangwani tulikuwa na viwanja vya mpira na mikutano, ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi kwenye njia ya maji, mafuriko yakaja yakaingia mule mara kwa mara, hasara ikawa ya nani? Wakazi wa Jangwani na Kigogo maji yanakopita wanakujua bila kusoma popote, wangeulizwa wangesema. Halafu kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, ndani yake kuna bustani kubwa ya jiji. Nikiri hapo mwanzoni walifanya vizuri, mwaka 2018 wataalamu, serikali na wakazi walikaa pamoja kwenye vikao vingi kupanga hilo bonde. Kwa hiyo inawezekana, wakitaka wanaweza! Swali langu ni moja, ile bustani ikishakamilika, wataalamu wameondoka na ripoti zimefungwa, nani atakaa kila mwezi kuisemea? Bila chombo cha kudumu miaka michache tu tutaanza kuona mabati pale pia.

Na tunaandaa AFCON 2027 na Kenya na Uganda, viwanja vikubwa vinajengwa, safi sana, naunga mkono. Lakini hao wachezaji mnadhani wanatoka wapi? Wanatoka kwenye ndondo, wanatoka kwenye mchanga wa Kinesi, Bandari na mitaani huku. Tutakuwa na stediamu za kimataifa na mtoto wa Mbagala hana pa kupiga chenga.

NYONGEZA: nimesoma komenti, nijibu mbili.

Kuna aliyeniambia fremu zinaleta ajira na mpira hauleti ugali. Mkuu, fremu tupu zimejaa kwenye hiyo hiyo barabara yetu, vibao vya kupangisha vimepauka kwa jua, sio kwamba tumekosa fremu. Na fremu unaweza kujenga popote ukinunua kiwanja, eneo la wazi likishaenda halirudi, hakuna halmashauri itabomoa nyumba za watu ishirini ili itengeneze uwanja.

Mwingine amesema twende mahakamani tuache kulia. Tunatafuta mwanasheria, hilo linaendelea. Ila nikukumbushe Nairobi mwaka 1989, serikali na chama tawala KANU walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai akaenda Mahakama Kuu, kesi ikatupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki kisheria ya kushtaki. Alitukanwa bungeni. Kilichouzuia mradi ni kelele mpaka wafadhili wa nje wakajitoa, na Uhuru Park ipo mpaka leo. Yule mama alikuwa jasiri kupita kiasi na alikuwa anajulikana dunia nzima. Mimi sitaki uwanja wa mtaa utegemee kupatikana kwa shujaa, nataka kuwe na kikao kinachojulikana tarehe, mkazi anakwenda na kandambili zake anaongea.

Katiba yenyewe ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, tumeona zikitungwa za ushuru na za usafi haraka tu. Basi zitungwe na za hii bodi, Kinondoni, Ilala (siku hizi Halmashauri ya Jiji), Temeke, Ubungo, Kigamboni, kila moja yake.

Sisi tumeanza kukusanya saini ili hoja ipelekwe kwa diwani aiingize kwenye baraza kama hoja rasmi, na tunadai mkutano mkuu wa mtaa uitishwe wenye ajenda hii moja. Ninachohitaji kutoka kwenu: kama kuna mtu humu amewahi kukaa kwenye bodi ya afya ya halmashauri yoyote, aje atueleze wajumbe walipatikanaje, nani aliwachuja, na je ushauri wenu ukikataliwa mlikuwa mnapewa sababu kwa maandishi? Na wataalamu wa mipango miji, mkazi wa kawaida anapataje nakala iliyogongwa muhuri ya mchoro wa eneo lake, dirisha gani na kwa gharama gani, maana pale ofisini tumeambiwa tusubiri na mafundi leo wameleta tofali.