Nimsaidieje mtoto kupanga hadithi yake mwenyewe?

Mzazi wa Gredi ya Tano
Walimu na wazazi wenzangu, nawasalimu. Binti yangu anapenda hadithi kiasi kwamba halali kabla ya kuitikia "pakawa". Lakini akitakiwa kuandika insha ya kubuni, huandika kwamba ilikuwa Jumamosi asubuhi, jogoo akawika, akaamka, akapiga mswaki, akanywa chai, na ukurasa ukajaa kabla jambo lolote halijatokea. Nikimwuliza hadithi yake inahusu nini, hunyamaza. Nikimpa wazo langu, hadithi inakuwa yangu. Nifanye nini naye kabla hajashika kalamu?

Mwalimu wa Kiswahili
Mzazi mwenzangu, jogoo huyo ana historia. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alikuwa na dakika 40 tu za insha, na kwa kuhofia muda watoto wengi walikaririshwa mianzo. Mtihani umeondoka, mianzo imebaki.

Swali la hadithi inahusu nini ni zito mno kwa mtoto ambaye hajaibuni bado. Mwulize ni nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja na wazo moja tu, kwamba mbuzi ametafuna daftari la madeni la mwenye duka. Nikamwuliza ni nani atakayefurahi daftari likipotea, akajibu papo hapo kuwa ni wote wanaodaiwa. Mbuzi ni wa nani? Hapo alifikiri kwa muda, kisha akasema ni wa mama yake msimulizi, ambaye naye amekopa sukari na unga, kwa hiyo kijiji kizima kitadhani kwamba mbuzi alitumwa. Sikuwa na la kuongeza: mgogoro ulikuwapo, na kila kipande chake kilitoka kwa mtoto mwenyewe.

Mkutubi wa Pwani
Naunga mkono, na ningeomba hatua moja itangulie maandishi: asimulie kwa mdomo. Mtoto aliyelelewa na ngano anajua tayari kwamba Sungura hana hadithi mpaka apate shida, ila akiona karatasi tupu ujuzi huo humtoroka. Wewe sikiliza, uliza "ikawaje?", na uandike maneno yake machache kwenye vikaratasi, tukio moja kwa kila kimoja. Avitandaze mezani, avipange, avihamishe; huenda akaamua kuanza pale mbuzi anapotafuna, na habari za asubuhi zikaachwa. Sarufi isiguswe kabisa wakati huo, kwa sababu mtoto anayesahihishwa ngeli katikati ya wazo huliacha wazo lenyewe.

Baba wa Watatu
Naomba kutofautiana kidogo kuhusu vikaratasi. Kifunguamimba wangu hupanga kila tukio na hufurahia kufanya hivyo, lakini mdogo wake akishapanga yote huona hadithi imekwisha, naye hataki tena kuiandika. Kwake natosheka na mambo mawili: shida ya mhusika, na jambo moja atakalolifanya ili aitatue, hata kama litashindikana. Mengine huyagundua akiwa anaandika, na akitaka kubadilisha mpango katikati, namruhusu. Kwa binti yako, ningeanza na usimulizi wa mdomo, kisha ningemwuliza yeye mwenyewe kama anataka vikaratasi au anataka kuandika mara moja.