Watoto wa Bi Mkubwa (Wete na Unguja)

Chumu: Asalaam alaykum. Kwa wasiojua, bibi jana katutisha. Saa saba usiku namskia ananiita, kuingia jasho linamtiririka anatetemeka, namuuliza hichi ananijibu chengine, kumpima sukari ya damu 2.9!! mbio nikamkorogea sukari vijiko vya chai vitatu kwenye maji akanywa, baada ya robo saa 4.6 ndo akanitambua

Ami Faki: Laa haula. Mtu ana sukari nawe unamuongeza sukari?

Chumu: Ami ilikuwa imeshuka, haijapanda. Ikiwa chini ya 4 anapewa kitu kitamu cha haraka, alimradi anameza. Kama hajitambui usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali

Time: Kwani usiku kala nini

Chumu: Ndo hapo. Hajala. Sindano ya insulini, ile ya kushusha sukari, kachoma vilevile, chakula kakirejesha jikoni. Kanambia "kila mmoja ananigombeza, muhogo usile, boflo usile, wali usile, basi nimelala na njaa mfurahi"

Hamad: 🙈 mie ndo niliemwambia muhogo sumu

Bi Mize: We Hamad na voisi zako za dakika sita

Hamad: Nisamehe mama. Nilikuwa nataka apunguze tu

Bi Mize: Kupunguza ni kipande kimoja na samaki na mchicha mwingi, sio kumfungisha mtu mzima. Na anaechoma insulini hasusi chakula, Chumu kuanzia leo akichoma umuone anakula

Chumu: Sawa mama. Nimeanza na daftari, namba ya asubuhi na ya usiku, siku ya kliniki tunakwenda nalo maana kila tukiulizwa tunabaki kutazamana

Time: Na umeme ukikatika dawa mnaweka wapi?

Chumu: Kwenye mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga wa maji maji, juu kitambaa kibichi. Ile iliyofunguliwa mwezi hivi inavumilia bila friji, muhimu isipate joto. Ila kwenye friza jamani msiitie, ikiganda ndo ya kutupa

Ami Faki: Na miguu mnaitazama isije ikawa na vidonda?

Chumu: Kila usiku ami, mpaka kati ya vidole. Ila stripu za kupimia sukari zimebaki 6 tu

Hamad: Natuma boksi na boti ya Alkhamis. Iwe ndo faini yangu

Chumu: Bibi yupo hapa anaskiliza, anauliza Ijumaa muhogo wa nazi upo au haupo

Bi Mize: Upo. Hamad ndo wa kumenya, mwambieni apande boti na stripu zake 😂