Kwa nini Maphilindo ilikufa kabla haijaanza kazi?

Mdadisi:
Ndugu wanajamvi, naomba ufafanuzi. Katika kusoma historia ya Asia ya Kusini-Mashariki nimekutana na Maphilindo, ushirika wa mwaka 1963 uliokusudia kuzileta pamoja Malaya, Ufilipino na Indonesia kwa kuwa watu wao wana asili moja ya Kimalay. Viongozi wa nchi hizo walitia saini makubaliano mjini Manila mapema mwezi Agosti, lakini ilipofika katikati ya Septemba wawili kati yao walikuwa wamekataa kuitambua nchi ya mwenzao. Je, hawakuwa na nia ya dhati tangu awali, au kuna jambo lililoharibika njiani?

Msomi wa Nyaraka:
Ndugu Mdadisi, nia ilikuwapo, ila kila mmoja alikuwa na yake. Kilichowakutanisha Manila ni ugomvi kuhusu Malaysia, nchi mpya iliyokuwa ikipangwa wakati huo; undugu wa Kimalay ulikuja baadaye kama pambo. Mwezi Mei 1961 Waziri Mkuu wa Malaya, Tunku Abdul Rahman, alitoa wazo la kuiunganisha nchi yake na Singapore pamoja na maeneo ya Uingereza katika kisiwa cha Borneo; muungano huo ndio uliokuja kuitwa Malaysia. Juni 1962 serikali ya Rais Diosdado Macapagal wa Ufilipino ikawasilisha dai rasmi juu ya Borneo Kaskazini (ndiyo Sabah), ikisema kwamba Sultani wa Sulu, visiwa vya kusini mwa Ufilipino, aliikodisha tu ardhi hiyo mwaka 1878 na hakuitoa moja kwa moja. Januari 1963, wiki chache baada ya uasi wa Brunei, Waziri wa Mambo ya Nje wa Indonesia, Subandrio, akatangaza siasa ya makabiliano iliyojulikana kama Konfrontasi. Kwa hiyo Macapagal alitafuta baraza la kulisemea dai lake, Rais Sukarno wa Indonesia alitaka Malaysia izuiwe au walau icheleweshwe, na Tunku alitaka majirani wamwache aendelee na mpango wake.

Kilichoivunja hasa ni tarehe. Huko Manila walikubaliana kwamba Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, athibitishe matakwa ya wananchi wa Sabah na Sarawak, maeneo mawili ya Borneo yaliyotakiwa kuingia katika muungano. Ujumbe ulioongozwa na Laurence Michelmore ukaenda, huku pande zikibishana na Waingereza juu ya idadi ya waangalizi wa kuufuata. Tarehe 29 Agosti, kabla ujumbe haujamaliza kazi, serikali ya Malaya mjini Kuala Lumpur ikatangaza kwamba Malaysia itazaliwa tarehe 16 Septemba. Taarifa ya U Thant ilitoka tarehe 14 na ikasema kwamba wananchi walio wengi wanaukubali muungano, lakini serikali ya Indonesia mjini Jakarta ilikwisha kujiona imedharauliwa. Siku mbili baada ya Malaysia kuzaliwa, ubalozi wa Uingereza mjini Jakarta ulichomwa moto.

Mzee wa Hoja:
Namheshimu Msomi, lakini naona ameipa tarehe uzito mno. Msingi wenyewe ulikuwa na ufa. Katiba ya Malaya ya mwaka 1957, kifungu cha 160, inamtambua Mmalay kuwa ni mtu anayefuata dini ya Kiislamu, anayezungumza Kimalay kwa kawaida na anayeshika mila za Kimalay. Kwa kipimo hicho Wafilipino walio wengi, ambao ni Wakatoliki, wamo au hawamo? Na Wajava, kabila kubwa kuliko yote nchini Indonesia, hawakuwa na desturi ya kujiita Wamalay. Tena Wachina wa Malaya na Singapore, waliokuwa mamilioni, walikuwa na sababu ya kujiuliza ushirika wa asili moja umewaweka wapi. Hata Tunku angesubiri mwezi mzima zaidi, mambo haya yangemkuta palepale.

Mdadisi:
Nawashukuru nyote wawili. Je, hakuna chochote kilichosalia?

Msomi wa Nyaraka:
Kipo, tena si haba. Tamko la pamoja la Manila lilisema kwamba vituo vya kijeshi vya mataifa ya nje ni vya muda tu. Kauli hiyo ilirudi katika Azimio la Bangkok la tarehe 8 Agosti 1967, lililoanzisha ASEAN, jumuiya ya mataifa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Vilevile musyawarah, yaani kushauriana mpaka muafaka upatikane bila kupiga kura, iliwekwa wazi huko Manila na baadaye ikawa mwenendo wa kawaida wa ASEAN. Safari hii Thailand na Singapore zilikuwamo na habari ya asili moja haikutajwa, jambo ambalo, nakiri, linaipa nguvu hoja ya Mzee.

Mzee wa Hoja:
Nimefurahi kusikia hivyo. Ila usisahau kwamba kabla ya Bangkok ilibidi Sukarno apokonywe madaraka na Konfrontasi imalizwe kwa mkataba wa Agosti 1966. Dai la Sabah ndilo halikumalizwa: Rais Marcos alisema mwaka 1977 kwamba Ufilipino itachukua hatua za kuliondoa, lakini mpaka leo halijafutwa rasmi.