V-Strom 650: nitoe 19/17 nifunge 21/18, au nitulie?

Mpanda Vumbi (Arusha)

Wakuu salaam. Nina Suzuki V-Strom 650 ya 2013, ya rimu za aloi. Mbele inchi 19 na tairi la 110/80 (upana milimita 110, kimo asilimia 80 ya upana huo), nyuma inchi 17 na 150/70, kama ilivyotoka kiwandani. Imetembea kilomita elfu 61 na kwa lami sina la kuilaumu. Arusha natoka na baridi ya alfajiri, chakula cha mchana nakula Dodoma.

Shida inaanza lami inapoisha. Mwezi uliopita tulitoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, watu watatu. Mmoja ana Yamaha Ténéré 700, mwingine ana Honda XL 125 kuukuu aliyoipata mnadani. Kwenye mchanga wa upande wa Engaruka nililala mara nne. Mwenye XL hakulala hata mara moja. Alikuwa anatangulia, anazima, anatoa simu na kunisubiri anipige picha nikianguka.

Mchanga ulipoisha yakaja mawe. Nikagonga jiwe moja na tairi la mbele, nikasikia "ko!", rimu ikajikunja ukingoni kama mdomo wa sufuria iliyoanguka. Tangu siku hiyo tairi linapoteza upepo polepole. Kila asubuhi nikitoka kuswali najaza.

Sasa nimeona wenzangu wote wawili wana 21 mbele na 18 nyuma, nikasema hapo ndipo siri ilipo. Kuna mtu anauza seti ya rimu za spoki za 21/18, za mtumba, anasema zinaingia pikipiki yoyote ya safari. Bei yake si mbaya ukilinganisha na rimu mpya ya aloi. Nataka kujua: zitaingia? ABS (ile inayozuia gurudumu kukwama ukishika breki) itasumbua? Na je, kweli nitaacha kulala mchangani?

Mtoto wa Bwana Shamba

Mkuu, huyo wa XL hakukushinda kwa rimu, alikushinda kwa uzito. V-Strom yako ikiwa na mafuta inapita kilo 210. XL ikilala unainyanyua kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chai.

Ila nikupe sababu moja nzuri ya 21/18 ambayo watu hawaisemi. XL 125 na Yamaha DT 125, zile za mabwana shamba, mapadri na miradi, zote zinavaa 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Kwa hiyo mpira wa ndani wa 21 unaweza kuupata hata kwenye duka la kijijini linalouza na sabuni na viatu vya mpira. Ukipata shida unauingiza kwenye 90/90-21 na unafika nyumbani. Nenda kaulize tairi la 19 Loliondo, watakuuliza ni la gari gani.

Babu wa Kitonga (Iringa)

Mwanangu, hiyo safari nimeshaisafiri, na kwa pikipiki kama hiyo yako, kwa hiyo nisome kabla hujatuma hela.

Huyo anayesema zinaingia pikipiki yoyote, mkimbie. Rimu haifungwi hewani. Katikati kuna habu, na habu ndiyo inayobeba beringi, bushi za pembeni, diski za breki na ile pete ya ABS yenye matundu. Ekseli ikipishana unene, beringi hazifai. Diski ikikaa milimita tatu nje ya ilipokuwa, pedi inasugua upande mmoja mpaka breki inanuka. Pete ikiwa na idadi nyingine ya matundu, kompyuta ya ABS inapewa hesabu ya uongo na yenyewe inaiamini. Muulize muuzaji vitu viwili tu: unene wa ekseli na idadi ya matundu ya pete. Akikujibu "mkuu usijali", umeshajibiwa.

Mimi nilitafuta habu za V-Strom 650 XT, ile ya rimu za spoki, kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja na yangu. Habu zikaingia bila kuchonga bushi. Nikaagiza rimu ya 21 na ya 18 za kusukia juu ya habu hizo. Hesabu matundu ya spoki kwenye habu kabla ya kuagiza rimu. Mimi niliagiza kwanza, nikahesabu baadaye. Rimu yangu ya kwanza ya 21 haijawahi kugusa barabara, iko stoo, mama watoto anaanikia vitunguu vya Ruaha Mbuyuni.

Sasa njoo kwenye ABS, hapa watu wengi wanabahatisha. ABS haijui inchi. Inalinganisha gurudumu la mbele linazunguka mara ngapi na la nyuma mara ngapi. Chukua kalamu. Tairi lako la mbele, 110/80-19, kwa hesabu lina kipenyo cha milimita 659 hivi. La nyuma, 150/70-17, lina 642. Ukigawanya, la mbele ni kubwa kwa asilimia 2.6. Huo ndio uwiano ambao pikipiki yako imeuzoea tangu kiwandani.

Ukifunga 90/90-21 mbele peke yake, kipenyo kinakuwa 695, na uwiano unaruka hadi asilimia 8 na kidogo. La mbele linazunguka mara chache, kompyuta inaona kama limeanza kukwama. Ukiweka na 150/70-18 nyuma, unashuka hadi asilimia 4.2. Lakini ukiweka 140/80-18, kipenyo cha nyuma ni 681, uwiano unakuwa asilimia 2.1, jirani kabisa na wa kiwandani. Mimi nilifunga hilo la mwisho na taa ya ABS haikuwahi kunisumbua. Wenye V-Strom za 2017 kuja juu wawe waangalifu zaidi, maana zile zina na udhibiti wa mtelezo. Huo ukidhani tairi la nyuma linateleza unakukata moto katikati ya kilima.

Usishangilie bado. Tairi la nyuma likikua kutoka 642 hadi 681, umeirefusha gia kwa asilimia 6. Pikipiki inakuwa nzito kuondoka, na mchangani ndiko unakotaka gia fupi. Kwa hiyo spoketi ya mbele, ile gia ya mnyororo, ikatoka meno 15 ikaja 14. Hapo hesabu ikarudi karibu na mwanzo. Spidi mita ipime upya kwa GPS, usiiamini kwa mazoea.

Halafu usukani. Gurudumu la 21 linainua mbele kwa milimita 18. Nyuma nayo imepanda 20, kwa hiyo pikipiki haikulala kinyumenyume, nashukuru. Lakini ilipanda yote, na mimi mwenyewe sina miguu ya twiga. Stendi ya pembeni ikawa fupi, pikipiki ikiegeshwa inainama kama mlevi aliyeegemea ukuta. Nikamwomba fundi aongeze kipande cha chuma chini ya stendi. Madigadi ya mbele ikabidi ipandishwe kwa vibao vya alumini.

Fundi niliyempa kusuka rimu, wa huko Dar, jina nalihifadhi, alipanga kwa macho. Nikaenda hivyo hivyo. Ukiachia mikono kidogo pikipiki inavuta kushoto. Nikalaumu shokapu, nikalaumu upepo wa Mikumi, nikalaumu mzigo. Nilipofika nyumbani nikapima kutoka shokapu hadi ukingo wa rimu, huku na huku: rimu imekaa milimita nne upande wa kushoto. Na baada ya kilomita 300 za kwanza spoki zilikuwa zimelegea, ukigonga na spana baadhi zinalia "ting", nyingine "tup". Hilo la kulegea ni la kawaida kwa rimu mpya iliyosukwa, ni la kukaza tu. Hilo la milimita nne halikuwa la kawaida.

Faida? Ipo, siongopi. Mchangani 21 nyembamba inapasua, haiogelei. Kwenye mawe na mashimo inapanda bila kukupiga mikononi. Njia ya kutoka Iringa kwenda Msembe, ile yenye mawimbi kama bati, nilikwenda nimesimama, natabasamu peke yangu. Lakini teremka Kitonga na malori yako mbele na nyuma, kona baada ya kona: tairi la mbele lina 90 badala ya 110, breki unaishika kwa adabu. Lile tairi pana ulilokuwa unaliegemea halipo tena.

Na pancha. Hili ndilo lililonirudisha nyuma. Rimu ya aloi haina mpira wa ndani. Msumari unauchomoa, unachomeka uzi wa gundi, unajaza, dakika kumi umeondoka. Rimu yangu ya spoki ilikuwa ya mpira wa ndani. Ruaha Mbuyuni, saa saba mchana, joto la kule unalijua, nilikaa chini ya mbuyu saa mbili na nusu. Ukingo wa tairi uligoma kuachia rimu mpaka kijana mmoja wa vitunguu akaja na bodaboda yake tukalikandamiza kwa stendi. Baada ya mwaka mmoja nikarudisha 19/17 yangu, nikavalisha matairi ya kashata, yale ya meno makubwa. Continental TKC 80 zipo kwa 110/80-19 na 150/70-17, Heidenau K60 Scout vilevile. Kwa mchanga wetu hizo zilinipa karibu kila nilichokuwa nakitafuta.

Kwa hiyo nakuuliza mawili. Ulikuwa na upepo kiasi gani siku uliyogonga jiwe? Na hiyo kinga ya chini ya injini, unayo ya kiwandani au ya kuchongesha? Kama ni ya kuchongesha, kata boksi la friji duara la milimita 695, toa gurudumu, chomoa springi za shokapu za mbele, zisukume hadi mwisho, uweke boksi mahali pa tairi. Uone linagusa nini.

Tairi Mbili (Nairobi)

Salamu kutoka huku. Mimi nilifanya kinyume. Nina Africa Twin CRF1000L, ilikuja na 90/90-21 na 150/70-18. Kwa vile barabara hadi Moyale ni lami sasa, nikafunga 19/17 ili nipate matairi ya lami na nikimbie vizuri kwa kona.

ABS haikuleta maneno kwa sababu mbele na nyuma zilishuka pamoja, kama mzee alivyoeleza. Kilichonishinda ni stendi. Pikipiki ilishuka, stendi ikawa ndefu kwake, ikawa inasimama wima kabisa. Pale Marsabit nikashuka kununua maji, upepo wa Marsabit ukaja, nikasikia watu wanapiga kelele. Kioo kimoja na lever ya klachi. Kwa hivyo ukibadilisha saizi yoyote, juu ama chini, anza na stendi.

Na nikienda Loiyangalani narudisha 21 yangu. Yale mawe meusi ya kule hayataki mzaha.

Mpanda Vumbi (Arusha)

Shikamoo mzee Kitonga. Nimesoma mara tatu. Muuzaji nimemuuliza matundu ya pete, akaniambia "pete ya ndoa au?" Nimemwacha.

Upepo: hapa naona aibu. Kitabu kinasema psi 33 mbele na 36 nyuma. Kwenye mchanga nilishusha mbele hadi 18. Tulipotoka mchangani pampu ilikuwa chini kabisa ya begi, chini ya hema na sufuria, nikasema tutajaza mbele ya safari. Jiwe lilikuwa kama kilomita sita mbele ya safari.

Kinga ya injini ni ya kuchongesha, chuma cha milimita nne, fundi aliisogeza mbele ili ifunike chujio la oili. Boksi nimekata la televisheni ya jirani, friji sikupata. Shokapu zikisukumwa hadi mwisho boksi linaingia kwenye kinga kama kidole kizima. Mke wangu amepita akauliza kama najenga pikipiki ya karatasi.

Babu wa Kitonga (Iringa)

Marahaba. Kidole kizima ni boksi tupu. Ongeza kashata, ongeza tope.

Psi 18 kwenye mawe hata rimu ya 21 ingekunjika, ila ya spoki ungeigongagonga kwa nyundo ukaendelea. Tafuta fundi anayenyoosha rimu za aloi kwa moto wa taratibu, umwambie aipime kwa saa ya kupimia mzunguko, siyo kwa jicho. Akikuta ufa, usiruhusu achomelee, tafuta nyingine ya 19. Na pampu ihamishie kwenye begi la tangi.

Mtoto wa Bwana Shamba

XL yangu inauzwa, wakuu. Rimu zote mbili zimenyooka.