IST inanuka petroli nikijaza full tenki, naombeni ushauri

Wakuu habari za jioni. Nina gari Toyota IST, nikijaza full tenki harufu ya petroli inakuwa kali nyuma hadi watoto wanalalamika, ikishuka kama nusu harufu inakata yenyewe. Leo fundi wa mtaani kaja na sigara mdomoni anataka kuingia uvunguni amulike na simu, nikamwambia braza tuache kwanza. Naangaliaje mwenyewe bila kujilipua?

Babu Spana: Umefanya la maana kumzuia. Itoe nje penye upepo, usiipeleke kwenye shimo la gereji kabisa, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatuama kule chini unasubiri cheche tu. Acha injini na ekzosti vipoe, simu weka mbali, angalia mchana jua likiwa kali hutahitaji kumulika. Tandika boksi chini ya tenki usiku kucha. Tone la maji ya AC halinuki, la petroli linakauka haraka ila boksi litanuka. Na kama unanyanyua gari weka stendi, jeki peke yake usiiamini.

Ila kwa maelezo yako mimi nahisi tenki lenyewe zima, tatizo liko juu yake. Ni hosi ya kujazia au mpira wa pampu, ule unaoziba pampu inapokaa juu ya tenki. Chomoa waya hasi wa betri, fungua milango yote, nyanyua siti ya nyuma utaona kifuniko cha pampu, nusa hapo na uangalie kama pana unyevu.

mama wawili: Mie niliambiwa nitoe mafuta yote nikachomelee tenki 🙄

Babu Spana: Dada usithubutu! Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, ndani limebaki na mvuke mtupu uliochanganyika na hewa. Na anayetaka kupuliza upepo wa kompresa ndani ya tenki atafute povu panapovuja, mkimbieni.

Kijana wa Mbagala: Kama ni tundu dogo la bati, sugulia sabuni ya mche inaziba kwa muda ufike gereji. Tembea na mtungi wa poda wa kuzimia moto, moto wa petroli haumwagiwi maji.

Mleta mada: Wakuu nimerudi. Mpira wa pampu umekakamaa una ufa, pembeni pamelowa kabisa. Mwezi uliopita pampu ilibadilishwa, kumbe jamaa alirudishia mpira ule ule wa zamani na mpya nilimlipa!