Tupeane uzoefu: ulijuaje ni falsafa ipi inayoendana na hulka yako?

Mkulima Newala:
Wakuu, salaam. Huku msimu wa kupulizia mikorosho salfa umeanza, kwa hiyo mchana ni shambani na usiku ndiyo nasoma. Nimekutana na William James, mwanafalsafa wa Marekani. Katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1907 alisema historia ya falsafa kwa sehemu kubwa ni mgongano wa hulka za watu. Yaani mtu anavutwa kwanza na tabia yake, hoja anazipata baadaye. Nakubaliana naye, ila naongeza: usijipime kwa kile unachokisifia ukiwa umeshiba na umetulia. Jipime siku mambo yakikuendea kombo.

Mimi ni wa Wastoiko, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Waliosoma Matendo ya Mitume sura ya 17 wanawakumbuka, walibishana na Paulo kule Athene, wao na Waepikureo. Mmoja wao wa baadaye, Epictetus, aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kwamba maamuzi yetu na tunayoyataka yako mikononi mwetu. Mali, cheo, sifa, hata mwili, havimo. Mkulima wa korosho haya anayaishi. Kupalilia, kupulizia mapema ili ugonjwa wa ubwiri unga usije ukala maua, kuanika vizuri kabla ya kupeleka ghalani, hayo ni yangu. Bei ya mnada si yangu. Mwaka bei iliposhuka wenzangu hawakulala. Mimi niliumia, nikala, nikalala. Sikujikaza, ndivyo nilivyo tangu utotoni.

Tusishindane ipi ni bora. Elezeni mlivyojitambua.

Mwana Mikindani:
Kaka, hiyo yako naiheshimu lakini kwangu haikai. Mama alipougua nilikuwa nasoma hao hao Wastoiko, najiambia ugonjwa si wa kwangu kuuamua. Kweli, si wa kwangu. Ila kilichonisimamisha ni majirani. Mmoja alipika, mwingine akafua, shangazi wa nyumba ya pili akalala wodini zamu yangu nikapumzika. Wala sikuwaita. Hapo nikajua mimi ni mtu wa utu, kama alivyoandika mwanafalsafa John Mbiti wa Kenya mwaka 1969, kwamba mtu yupo kwa sababu wenzake wapo.

Nyote mmeviona vinyago vya ujamaa vya Wamakonde, watu wamebebana mabegani, wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Ukimchonga mmoja ukamtoa, wa juu yake hana pa kukanyaga. Nikiwa peke yangu sifikiri vizuri, hata uamuzi mdogo nataka kwanza nikaongee na mtu. Zamani nilidhani ni udhaifu. Sidhani tena.

Fundi Nachingwea:
Mimi ni wa Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, na sikuhitaji muda mrefu. Mwaka 1945 pale Paris alisema binadamu anaanza kuwepo, kisha anajitengeneza mwenyewe. Nyumbani walishanipangia cherehani, nikafungua gereji ya pikipiki. Wateja waliniuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Wengine falsafa hii inawatisha, maana ukichagua vibaya huna wa kumsingizia. Mimi uzito huo ndio naupenda.

Mstaafu wa Lindi:
Wanangu, mmenifurahisha. Mimi ni wa Epicurus, Mgiriki wa kale, mwalimu wa hao Waepikureo. Watu wanadhani alihubiri anasa, wakati yeye na marafiki zake waliishi kwenye bustani Athene kwa mkate na maji, na akitaka karamu aliomba jibini kidogo. Wanawake na watumwa nao walikaribishwa. Alifundisha kutofautisha haja za lazima na tamaa zisizo na mwisho. Kiinua mgongo kilipotoka, jamaa walinisihi nikajenge nyumba za kupangisha Dar. Nikabaki na minazi yangu Mingoyo, samaki wa jioni, na wenzangu wa bao.

Lakini wewe wa Newala nakupinga kwa moja. Hulka inabadilika. Nilipokuwa kazini kila cheo nilikitaka.

Mkulima Newala:
Shikamoo mzee. Naomba kuuliza: ulipotoka kazini ulibadilika, au ndipo ulipojitambua?

Mstaafu wa Lindi:
Marahaba. Mama watoto anasema nilikuwa hivi hivi tangu ananiona mara ya kwanza, kazi ndiyo iliyonifunika. Mimi nasema nimebadilika. Tumelijadili hili tangu magharibi, na hakuna aliyekubali.